Chekeamwezi: Ndege wa Usiku Anayetaga Tunapopita

Wanaokaa karibu na mto, ufukwe au mbuga ya wazi wengi wao wanaifahamu sauti hii bila kumjua mwenye kuitoa. Huanza kwa filimbi fupifupi, hupanda upesi kwa ukali, kisha hushuka pole pole na kukatika. Punde hujibiwa na nyingine kutoka ng'ambo, na usiku wa mbalamwezi majibizano hayo huweza kuendelea mpaka karibu na alfajiri. Anayelia ni chekeamwezi, ndege wa ardhini mwenye miguu mirefu na macho makubwa ya njano. Mchana kutwa alikuwa ametulia chini ya kichaka, pengine hatua chache tu kutoka kwenye njia uliyopita ukienda kuteka maji.

Makala haya ni kwa ajili ya watu wanaoishi naye: mkulima, mfugaji, dereva wa usiku, mwalimu mwenye uwanja wa shule na yeyote apendaye kutazama ndege. Chekeamwezi huishi kwa kutulia. Anapoona hatari, mara nyingi harukii juu; hujibana chini, akaiachia rangi ya manyoya yake kazi ya kumficha. Ujanja huo unamsaidia mbele ya mwewe na mbweha. Mbele ya trekta, gurudumu la gari na moto wa kiangazi haumsaidii hata kidogo, maana hivyo vyote haviangalii wala havitafuti; vinapita tu. Mtu ndiye anayeweza kumwona kabla ya kumkanyaga, na hilo ni jambo la kujifunza.

Kumtambua

Chekeamwezi ni wa familia ya Burhinidae, yenye spishi kama 10 duniani. Ni jamaa wa vitwitwi na shakwe, ingawa wengi wao huishi nchi kavu, mbali na bahari. Wapo Afrika, Ulaya, Asia, Australia na Amerika ya joto. Wote wanafanana umbo: kichwa kikubwa, mdomo mfupi wenye nguvu, miguu mirefu yenye vidole vitatu vinavyoelekea mbele bila kidole cha nyuma, na kiungo kinene katikati ya mguu kinachoonekana kama goti lililovimba. Kwa kweli goti lenyewe limejificha juu ndani ya manyoya. Kile kinene ni kifundo. Kwa kuwa hana kidole cha nyuma, hawezi kushika tawi, kwa hiyo usimtafute mtini. Kila anachofanya anakifanya ardhini: kula, kulala, kutaga na kulea.

Afrika Mashariki tuna watatu wanaoishi hapa mwaka mzima. Anayeonekana zaidi kwenye nchi kavu ni chekeamwezi madoa, mwenye urefu wa sentimita 43 hivi kutoka mdomoni hadi mkiani. Mgongo na mabawa yake yamejaa madoa meusi juu ya rangi ya mchanga, na akikunja bawa halina mstari wala pande la rangi tofauti. Hupenda nyika, mbuga yenye nyasi fupi, mashamba yaliyolazwa, viwanja vya michezo na vichaka vya miiba. Eneo lake ni kubwa: kutoka Senegali hadi Afrika Kusini, na kuvuka Bahari ya Shamu hadi Yemen na Dhofar, kusini mwa Oman. Msomaji aliye Salalah, mji wa Dhofar, anaweza kumtafuta huko huko aliko.

Wa pili ni chekeamwezi maji. Ni mdogo kidogo, na ukimtazama akiwa amesimama utaona kwenye bawa lililokunjwa pande la kijivu, na juu yake mstari mwembamba mweupe uliopakana na mweusi. Badala ya madoa ana michirizi myembamba. Jina lake linaonyesha makazi yake: kingo za mito na maziwa, mafungu ya mchanga, mikoko na midomo ya mito inapoingia baharini. Rufiji yuko, delta ya Tana yuko, na anayesafiri kwa boti kwenye Mkondo wa Kazinga, ndani ya Hifadhi ya Malkia Elizabeth nchini Uganda, huwakuta wamesimama ukingoni mchana kweupe, wawili wawili au kundi zima.

Wa tatu, chekeamwezi wa Senegali, anafanana sana na huyo wa maji, na hata watazamaji wazoefu husita. Tofauti iko kwenye bawa: wa Senegali ana mstari mweusi juu ya lile pande la kijivu, lakini hana ule mstari mweupe. Ni ndege wa ukanda wa kaskazini, naye hupatikana zaidi kandokando ya Nile nchini Uganda na magharibi mwa Kenya. Huko Misri ana tabia ya kushangaza: hutaga juu ya mapaa bapa ya nyumba, hata mjini Kairo. Wa nne ni mgeni tu, chekeamwezi wa Ulaya, ambaye baadhi yao hushuka kaskazini mwa Kenya na Uganda kukimbia majira ya baridi ya kwao.

Ndege mwingine wa ardhini ambaye watu humchanganya naye ni yule mwenye miguu myekundu na utosi mweusi uliozungukwa na duara jeupe, anayepiga kelele mchana kwenye viwanja vya wazi. Yule si chekeamwezi. Tazama jicho. Jicho la chekeamwezi ni kubwa kupita kiasi cha kichwa chake, njano iliyokolea, na mara nyingi ndilo litakalomfichua wakati mwili wote umepotea ndani ya majani makavu.

Anavyoishi

Jua linapotua huanza kutembea. Huwinda kwa macho: hukimbia hatua kadhaa, husimama ghafla, hutazama, kisha huinama na kudonoa. Chakula chake kikubwa ni wadudu, yaani panzi, nyenje, mende wa shambani, kumbikumbi na mchwa. Huongeza konokono, kaa, vyura, mijusi na hata panya wadogo. Mkulima anayelalamikia panzi na huku akiwafukuza ndege hawa usiku anawafukuza vibarua wake mwenyewe, wanaofanya kazi bila malipo.

Mbalamwezi humpa mwanga wa kuwindia, ndiyo maana usiku kama huo hulia na kuzunguka zaidi. Mchana hutafuta kivuli na kukaa chini, miguu imekunjwa mbele yake, macho nusu yamefumba. Wanaoongoza watalii wa ndege Ziwa Baringo wanajua vichaka ambavyo ndege hawa hulala chini yake, na mgeni huonyeshwa kwa kidole mara mbili tatu kabla hajamwona aliye mita tano mbele yake.

Jike na dume huonekana sawa, nao hukaa pamoja kwa muda mrefu. Kiota chao hakistahili kuitwa kiota. Ni shimo jepesi lililokwanguliwa kwa miguu kwenye udongo au mchanga, na pengine limezungukwa na vijiwe, vipande vya vijiti na mavi makavu ya swala au sungura. Chekeamwezi maji mara nyingi hutaga karibu na kigogo kilicholetwa na mto au kando ya kinyesi kikavu cha nyati au tembo. Mayai kwa kawaida ni mawili, ya rangi ya mchanga au udongo, yenye mabaka ya kahawia yasiyo na mpangilio. Ukiinua macho mara moja tu, ukarudi kuangalia, utayatafuta upya.

Wazazi wote wawili hulalia, kwa muda wa siku 24 hivi. Vifaranga hutoka wakiwa na manyoya laini ya rangi ya ardhi na yenye michirizi myeusi, na ndani ya siku moja au mbili huwa wameshaondoka penye kiota. Hapa chekeamwezi anatofautiana na jamaa zake wengi wa ufukweni, kwani baba na mama huwaletea watoto chakula mdomoni siku za mwanzo badala ya kuwaacha wadonoe wenyewe. Mmoja wao akitoa mlio wa hatari, kifaranga huanguka kifudifudi, shingo imenyooshwa juu ya ardhi, na hatikisiki tena. Unaweza kusimama juu yake ukiwatafuta wazazi kwa macho huku yeye yuko kati ya viatu vyako. Kabla hajaweza kuruka hupita mwezi na nusu, pengine miwili, na huo ndio muda wa hatari kuliko wote.

Mpango wa chekeamwezi maji unaonyesha akili ya namna yake. Hutaga wakati wa kiangazi, maji yanaposhuka na mafungu ya mchanga kujitokeza, mahali ambapo mamba wa Nile nao hufukia mayai yao. Watafiti wa Uganda na kwingineko wamewakuta ndege hawa wakitaga kabisa jirani na matuta ya mamba. Kenge, mwizi mkubwa wa mayai ya wote wawili, anapokaribia, ndege hufungua mabawa, hutanua mkia na kupiga kelele. Na mamba jike aliyelala karibu hulinda eneo lake. Ujirani huo si wa kuchekesha. Ndege mwenye uzito usiofika kilo moja amepata mahali ambapo wanyama wengi wanaogopa kukanyaga.

Ukikuta kiota

Dalili ya kwanza haitakuwa mayai, itakuwa ndege mzima. Ataondoka kimya, ameinama, akikimbia kwa miguu badala ya kuruka, ili akae mbali kabla hujamwona. Ukimwona akiondoka hivyo, simama hapo hapo. Usiende mbele kutafuta alikotoka. Angalia ardhi iliyo mbele ya vidole vya miguu yako, geuka, na urudi kwa kukanyaga njia ile ile uliyojia.

Akikugeukia na kufungua mabawa, au akijikokota kana kwamba bawa limevunjika, ujue uko karibu mno. Anakuvuta uende mbali na watoto. Wengi humfuata wakidhani ni mgonjwa, na hilo ni afadhali kuliko kubaki pale pale ukipiga picha. Jua la saa sita linaweza kuua kilicho ndani ya yai lisilofunikwa kivuli, na kunguru hujifunza kwa kumtazama mtu anaposimama. Kunguru wa India, waliofikishwa Zanzibar miaka ya 1890 na sasa wamejaa miji yote ya pwani, ni wepesi sana wa kuona mzazi alipofukuzwa. Basi ondoka, na ukae mbali kiasi cha kumwona anarudi kukaa. Asiporudi, ujue bado hujafika mbali vya kutosha.

Mbwa ni tatizo kubwa kuliko wengi wanavyokubali. Hamwoni kwa macho, humfikia kwa pua, na kutulia kwa kifaranga hakumsaidii kitu hapo. Ukienda na mbwa ufukweni au kwenye mbuga, mfunge kamba kila unapowasikia ndege hawa wakilia kwa wasiwasi. Mchungaji naye anaweza kupitisha ng'ombe pande mbili za kiota kwa kusimama tu pale penye mayai na kuliacha kundi ligawanyike.

Kuhusu kifaranga aliye peke yake, ninaomba jambo moja kwa msisitizo: usimchukue. Hajaachwa. Wazazi wake wanakutazama kutoka nyasini wakisubiri uondoke. Ukimpeleka nyumbani, hatakula mkate wala ugali, na siku ya pili au ya tatu atakufa. Kama yuko katikati ya barabara, mwinue kwa mikono miwili, mweke kwenye nyasi zilizo karibu, upande aliokuwa akielekea, kisha ondoka. Harufu ya mikono yako haitawafanya wazazi wamkatae. Ndege mzima aliyegongwa na gari ni habari nyingine. Mfunike kwa kitambaa, mtie ndani ya boksi la karatasi lenye matundu, liweke mahali penye giza na kimya, usimlazimishe maji mdomoni, na uwasiliane na ofisi ya wanyamapori iliyo karibu.

Shambani na barabarani

Uingereza ilipitia jambo ambalo linatuhusu. Chekeamwezi wa Ulaya walikuwa wengi kwenye nyanda za mawe na nyasi fupi za kusini na mashariki mwa nchi hiyo, mpaka malisho ya kondoo yalipogeuzwa mashamba na mashine zikaanza kupita juu ya viota. Kufikia miaka ya 1980 walibaki jozi kama 160 tu. Shirika la kuhifadhi ndege la RSPB na wakulima wakakubaliana utaratibu usio na gharama kubwa: mtu anakipata kiota, anasimika vijiti pembeni, dereva wa trekta anaviona na kukizunguka. Baadaye wakulima wakaanza kuacha vipande vya hekta mbili hivi bila mazao, udongo ukiwa wazi, ili ndege wapate pa kutaga. Idadi ikapanda hadi kukaribia jozi 400. Hakuna dawa mpya iliyogunduliwa wala mnyama aliyezuiwa ndani ya uzio. Waliokoa ndege kwa kuyaona mayai kabla ya plau kufika.

Kwetu spishi zote tatu bado hazijaingia kwenye orodha ya walio hatarini, na hiyo ndiyo sababu nzuri ya kuanza sasa, wakati kazi ni nyepesi. Kabla ya kulima shamba lililolazwa, lizunguke mara moja jioni, jua likiwa chini. Ndege akikimbia mbele yako ameinama, weka kijiti mita tano upande huu wa mahali alipotokea na kingine upande ule, usivichomeke penye mayai, na uwaambie vibarua wakizunguke kiota mpaka vifaranga watoke. Ni siku 24 kwa kiota kichanga, na mara nyingi ni chache kuliko hizo kwa kuwa ulikikuta kimeshaanza. Kuchoma moto nyasi ni hatari zaidi ya kulima, kwa sababu moto hauzunguki kitu. Anayelazimika kuchoma achome sehemu kwa sehemu, akianzia upande mmoja, ili walio na miguu wapate pa kukimbilia.

Dawa za wadudu humfikia kupitia tumbo la panzi. Sisemi mtu aache zao lake liliwe. Nasema asinyunyizie juu ya nyasi za pembezoni ambako hakuna zao, na asitupe mabaki ya dawa wala makopo mtoni. Kuna jambo baya zaidi ya hilo, nalo ni sumu inayowekwa kwa makusudi. Kwenye mashamba ya mpunga ya Bunyala, magharibi mwa Kenya, dawa ya kabofurani imewahi kutumika kuua ndege wa maji kwa ajili ya kitoweo, wakauzwa na kuliwa. Sumu hiyo humdhuru anayekula kama inavyomdhuru anayeliwa. Ndege aliyekutwa mfu bila jeraha asiliwe, na asiguswe kwa mikono mitupu.

Dereva wa usiku kwenye barabara ya vumbi naye ana sehemu yake. Udongo hutunza joto la mchana, wadudu hukusanyika, na chekeamwezi huja kusimama katikati ya njia. Taa kali humpumbaza. Utayaona macho kwanza, mawili yaking'aa karibu na ardhi. Punguza mwendo, zima taa za mbali ubaki na za karibu, mpe sekunde chache, naye ataondoka kwa miguu. Akiwepo mmoja, mwenzake hayuko mbali, kwa hiyo usikanyage mafuta mara tu wa kwanza anapotoka.

Kwenye uwanja wa shule au wa mpira mambo ni rahisi mno. Kiota kikipatikana, zungusha kamba upana wa mita kumi hivi, ufanye mchezo upande wa pili. Watoto wakipewa kazi ya kulinda, wataifanya kwa bidii kuliko mlinzi wa kulipwa, nao watajua jina la ndege huyu maisha yao yote.

Sheria iko upande wa ndege. Tanzania ina Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, Kenya ina ya mwaka 2013, na Uganda ina ya mwaka 2019. Kumtega ndege wa porini bila kibali ni kosa. Kwa Tanzania taarifa hupelekwa kwa mamlaka ya wanyamapori, TAWA, au ofisi ya maliasili ya wilaya, Kenya kwa shirika la wanyamapori, KWS, na Uganda kwa mamlaka ya wanyamapori, UWA.

Kumtazama na kuandika ulichokiona

Saa nzuri ni nusu saa ya mwisho kabla ya giza. Kaa chini penye upeo wa wazi, ukingoni mwa uwanja au mto, na usitumie tochi mpaka umesikia mlio. Ukihitaji mwanga, chagua hafifu au uufunike kwa kitambaa chekundu, na usimmulike usoni kwa muda mrefu, kwani macho yake yametengenezwa kwa giza. Usichezeshe sauti iliyorekodiwa simuni ili umvute. Kila akija kuitafuta sauti hiyo ameacha mayai, na ukirudia mara kwa mara anaweza kulihama eneo lake.

Andika tarehe, saa, mahali, idadi, na aina ya ardhi: mchanga, nyasi fupi, shamba, mkoko. Kama uliona bawa, andika lilikuwa na mistari gani. Kama ulisikia tu, andika hivyo, maana mlio ni ushahidi kamili kwa ndege wa usiku. Kumbukumbu zako zinaweza kutumwa eBird, Kenya Bird Map au Tanzania Bird Atlas, na vyama vya Nature Kenya, Nature Tanzania na NatureUganda huwapokea wanaoanza kujifunza. Nature Kenya ina matembezi ya Jumatano asubuhi yanayoanzia Makumbusho ya Taifa ya Nairobi, na huhitaji kuwa mtaalamu ili ujiunge. Penye kiota, taja kijiji au kata tu. Usiweke alama kamili ya mahali kwenye mtandao wala picha inayoonyesha njia ya kufika, mpaka vifaranga wawe wanaruka.